Union Version, Habari Njema au Neno: uchague Biblia ipi ya Kiswahili?

Jumatano moja kikundi chetu cha kusoma Maandiko kilikwama kwenye mstari wa pili kabisa wa Biblia. Tulikuwa watu tisa sebuleni, kila mmoja na kitabu chake. Mama mmoja mtu mzima akasoma kwenye Union Version yake, ile ambayo jalada limeshashonwa mara mbili: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Kijana aliyekaa karibu naye akasema kwake haipo hivyo, Habari Njema imeandika "roho ya Mungu ilikuwa ikitanda juu ya maji." Wa tatu, mwenye Neno ya Biblica kwenye simu, akasoma "Roho wa Mungu alikuwa ametulia." Mama yule akavua miwani, akauliza swali lililotumalizia jioni nzima: "Sasa wanangu, ilitulia au ilitanda? Na ni roho *ya* Mungu au Roho *wa* Mungu?"

Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakiniuliza wanunue ipi. Mwingine anataka kumpa mtoto wa kipaimara, mwingine anaanza kuhubiri, mwingine ameolewa na Mkatoliki na wanataka kusoma pamoja nyumbani. Jibu langu linatofautiana, na nitaeleza kwa nini kwa kuziweka hizi tatu bega kwa bega kwenye mistari michache ninayoifahamu vizuri.

Tuanze na swali la mama. Neno la Kiebrania hapo ni *ruach*, na lina maana ya upepo, pumzi na roho kwa pamoja. Kiebrania hakina herufi kubwa. Kwa hiyo Mwebrania aliposoma hakulazimika kuamua kama ni upepo uliotoka kwa Mungu au ni Roho mwenyewe. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Lazima aamue mara mbili: herufi iwe kubwa au ndogo, na upatanisho uwe wa ngeli gani. Akiandika "roho ya", unasikia kitu, nguvu, pumzi. Akiandika "Roho wa Mungu alikuwa", unasikia mwenye nafsi. Neno imemweka Roho Mtakatifu wa imani ya Utatu pale pale mwanzoni mwa uumbaji. Habari Njema, kwa herufi ndogo na "ya", imeuacha mlango wazi hata kwa anayesikia upepo. Union iko katikati, herufi kubwa lakini "ya".

Usidhani ni jambo dogo la sarufi. Mashahidi wa Yehova, katika Tafsiri yao ya Ulimwengu Mpya, huandika "roho takatifu" mahali ambapo sisi wengine tunaandika "Roho Mtakatifu". Kiambishi kimoja, *m-*, na fundisho zima kuhusu Mungu limehama. Ukisikiliza mtu anaposali unaweza kujua anasali kanisa gani kabla hajafika amina.

Kitenzi nacho kina habari yake. Kwenye Kiebrania ni kile kile kinachotumika katika Kumbukumbu la Torati 32:11, pale tai anapowashughulikia makinda wake. Union yenyewe, ikifika kwenye tai, imetafsiri vizuri mno: "na kupapatika juu ya makinda yake." Kitenzi chenye mbawa walikuwa nacho. Lakini kwenye Mwanzo wakaandika "ikatulia", na ndege akatoweka. "Ikitanda" angalau ina mbawa ndani yake, ina kitu kinachofunika na kusogea. Kwa mstari huu mmoja mimi naipa ushindi Habari Njema bila kusita.

Sasa zimetoka wapi. Union Version kamili ilitoka mwaka 1952, Agano Jipya lake likiwa limetangulia mwaka 1950. Inaitwa Union kwa sababu iliunganisha njia mbili zilizokuwa zikishindana: Biblia ya Kiunguja, iliyoanzia kwenye kazi ya Askofu Edward Steere kule Zanzibar, na ile ya Kimvita ya Mombasa. Kabla haijatoka kulikuwa pia na Biblia ya Karl Roehl ya mwaka 1937, iliyojitahidi kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Haikudumu makanisani, nami sishangai, maana ukiondoa Kiarabu chote kwenye Kiswahili hutabaki na lugha ambayo mtu yeyote anaiota usiku. Habari Njema ilikuja katikati ya miaka ya 1990, Wakatoliki na Waprotestanti wakishirikiana, na nia yake ni maana ieleweke mara moja masikioni. Neno imetolewa na Biblica, shirika la kimataifa la kutafsiri na kusambaza Biblia. Agano Jipya lake lilianza kusomwa miaka ya 1980 na Biblia nzima ikafuata miaka ya 2000. Inajaribu kuifuata sentensi ya asili kwa karibu kuliko Habari Njema, lakini kwa Kiswahili chepesi kuliko cha Union.

Wengi husema Union ni ngumu na Habari Njema ni rahisi, wanaishia hapo. Hiyo haisaidii mtu kuchagua. Tazama Zaburi 1:1.

Union: "Heri mtu yule asiyekwenda katika shauri la wasio haki, wala hakusimama katika njia ya wakosaji, wala hakuketi barazani pa wenye mizaha."

Habari Njema: "Heri mtu asiyefuata shauri la watu waovu, asiyeshiriki njia za wenye dhambi, wala kujumuika na wenye dharau."

Ya pili inaeleweka, haina kosa. Lakini hesabu vitenzi vya ya kwanza: kwenda, kusimama, kuketi. Mtu anapita, anasimama kidogo kusikiliza, mwisho anavuta mkeka. Hivyo ndivyo dhambi inavyomzoea mtu, hatua kwa hatua, na Mwebrania aliyeandika alikusudia tuione. Habari Njema imetoa wazo lakini miguu imepotea. Halafu lile neno "barazani". Aliyekulia pwani anaijua baraza ya nje ya nyumba, ile ya saruji inayoshika joto la jua hadi usiku, na anajua ni maneno gani husemwa pale juu ya kila anayepita. Kiebrania kinasema tu kikao, mahali pa kuketi. Wafasiri wakakipa kikao hicho mahali petu. Na angalia upatanisho: "barazani *pa*", mahali penyewe. Ukisema "baraza *la* wenye mizaha", msomaji wa leo anaona wajumbe na ajenda. Kwa Zaburi sijaona kinachoifikia Union, na ninapozisoma kwa sauti kwenye msiba, ni hiyo ninayoichukua.

Uzuri huo huo, hata hivyo, unachakaa. Isaya 1:18 kwenye Union inasema dhambi zijapokuwa "nyekundu kama bendera, zitakuwa kama sufu." Mwanangu alikuwa darasa la tano aliponiuliza, "Baba, bendera ipi?" Nikakaa kimya, maana alikuwa ametoka kuchora bendera ya Tanzania shuleni: kijani, njano, nyeusi, buluu. Haina hata uzi mwekundu. Tafsiri hii ilipotoka mwaka 1952, bendera ya Sultani iliyopepea Unguja ilikuwa nyekundu tupu, na msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa. Kiebrania hakina bendera hapo. Kinataja rangi nyekundu iliyotokana na mdudu, rangi inayong'ang'ania kitambaa hata ukifue vipi. Yaani nabii anazungumzia doa lisilotoka. Bendera imeibeba rangi, haikulibeba doa. Mtoto akisoma mwenyewe, bila mtu wa kumweleza, mstari kama huu unamponyoka, na ndiyo sababu simnunulii Union mtoto wa miaka kumi na miwili kuwa Biblia yake ya kwanza.

Kuna mahali pengine ambapo hakuna tafsiri hata moja kati ya tatu inayoweza kushinda, na ni vizuri mnunuzi apajue. Yohana 3:3. Union inasema, "Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Habari Njema inasema "asipozaliwa upya". Neno imebaki na "mara ya pili". Kigiriki kina neno *anothen*, lenye maana mbili: tena, na kutoka juu. Yesu anasema moja, Nikodemo anasikia nyingine. Anaanza kuuliza habari za mtu mzima kurudi tumboni mwa mamaye, wakati Yesu anazungumza habari ya mbinguni. Mazungumzo yote yamesimama juu ya neno hilo lenye sura mbili. Ukitaka kuiona sura ya pili, teremka hadi 3:31 kwenye Union, "Yeye ajaye kutoka juu", ni neno lile lile. Kiswahili hakina neno moja linalobeba zote, hivyo mfasiri akachagua, na chaguo hilo likazaa historia. Tangu uamsho uenee Afrika Mashariki, swali la stendi, la hospitali na la ukweni ni moja: "Umezaliwa mara ya pili?" Watu wamehesabu tarehe ya siku ile. Kama wafasiri wa kwanza wangeandika "asipozaliwa kutoka juu", tungeulizana vipi? Naamini tungezungumza zaidi juu ya anayezaa kuliko juu ya siku ya kuzaliwa. Simlaumu mtu, maana "mara ya pili" ni sahihi. Ni nusu tu.

Na mistari mitano mbele, 3:8, neno la Kigiriki *pneuma* linakuwa upepo mwanzoni mwa mstari na Roho mwishoni: "Upepo huvuma upendako... kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho." Hapa Kiswahili kingeweza kujisifu kidogo, maana sisi nasi tuna neno linalovuka mipaka hivyo. Ndani ya Union hiyo hiyo utakutana na pepo nne, ambazo ni wingi wa upepo. Pepo wachafu, wanaotolewa. Na peponi, anakoahidiwa yule mhalifu msalabani. Mgeni wa lugha akisoma mfululizo atachanganyikiwa, ila sisi masikio yetu yanatenganisha yenyewe.

Jina la Mungu ndilo jambo linalonifanya nibadilishe ushauri wangu kutegemea aliye mbele yangu. Kiebrania kina jina la herufi nne ambalo Wayahudi hawalitamki, husoma "Bwana" badala yake. Union imefuata desturi hiyo kwa kuandika BWANA kwa herufi kubwa zote, isipokuwa sehemu chache kama Kutoka 6:3 inapoandika YEHOVA. Neno, toleo nililo nalo, inafanya vilevile na BWANA. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini Biblia kwetu husikilizwa kuliko inavyosomwa, na sikio halisikii herufi kubwa. Zaburi 110:1 ikisomwa mimbarini, "Neno la Bwana kwa Bwana wangu", aliyekaa benchi la nyuma anasikia Bwana wawili na hajui nani ni nani. Ukikumbuka kwamba bwana pia ni mume, ni tajiri na ni mtu yeyote wa heshima, utaona mzigo ulivyo.

Habari Njema imeandika Mwenyezi-Mungu kila linapotokea jina hilo. Sikio linapumzika, watu wawili wa Zaburi 110 wanatengana, na jirani Mwislamu akipita dirishani anasikia neno analolitumia mwenyewe kila siku. Gharama yake ipo. "Mwenyezi" ni sifa, yaani mwenye uwezo wote, wakati lile la Kiebrania ni jina, kama mtu anavyoitwa. Isitoshe Union ilikuwa imeshalitumia "Mungu Mwenyezi" kwa jina jingine kabisa, lile ambalo Ibrahimu alilijua kabla ya Musa. Mtu akiwa na Union mkono mmoja na Habari Njema mkono mwingine, anaweza kudhani Mwenyezi wa huku ndiye Mwenyezi wa kule, na hoja yote ya Kutoka 6:3, kwamba Ibrahimu hakujulishwa jina lile la herufi nne, ikayeyuka. Halafu jambo linalonishangaza: Habari Njema hiyo hiyo, iliyochukua jina la Mungu lililo midomoni mwa Waislamu, imeyaacha majina ya watu waliyozoea. Ibrahimu amekuwa Abrahamu, Musa amekuwa Mose. Kwa familia yenye dini mbili ndani, na ziko nyingi kuanzia Tanga hadi Kilwa, Union inasaidia kwenye majina ya manabii, Habari Njema inasaidia kwenye jina la Mungu.

Mwenye nia ya kufundisha au kuhubiri namwambia afungue Warumi 3:25. Union inasema Mungu amemweka Kristo "awe upatanisho". Neno inasema "dhabihu ya upatanisho". Habari Njema inasema "njia ya kuwaondolea watu dhambi zao". Kigiriki ni *hilasterion*, na hilo ndilo jina la kifuniko cha sanduku la agano, kile ambacho Union inakiita kiti cha rehema katika Kutoka 25:17 na tena katika Waebrania 9:5. Myahudi wa Rumi aliyesomewa barua hiyo aliweza kukiona akilini kile kifuniko cha dhahabu na damu iliyonyunyizwa juu yake siku moja kwa mwaka. Habari Njema imemweleza msomaji matokeo, dhambi zimeondolewa, lakini hekalu limeondoka nazo. Neno imerudisha dhabihu, na huo ni msaada mkubwa. Union imebaki na neno ambalo nyumbani tunalitumia kwa mume na mke waliogombana. Hapa Neno inaongoza. Ndivyo ninavyoiona kwenye nyaraka za Paulo kwa jumla: hoja zake ndefu zinafuatika, na zile "kwa sababu" na "kwa hiyo" zake hazimezwi.

Basi ukiniuliza leo, ninajibu hivi. Mtoto, au mtu mzima anayeanza kusoma mwenyewe, au anayejua Kiswahili cha mtaani tu kwa kuwa amekulia ughaibuni: Habari Njema. Atasoma kurasa kumi bila kukwama, na kwa visa vya Samweli na Wafalme haina mpinzani. Akiwa Mkatoliki aangalie ni toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni, vile ambavyo Biblia za Kiprotestanti kwa kawaida hazina, kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, maana yapo matoleo ya aina mbili na yanafanana kwa nje. Muuza duka hawezi kukuambia kila mara. Fungua yaliyomo uone mwenyewe. Anayehubiri au kuongoza kikundi: Neno iwe ya kuandalia, na Union awe nayo pembeni, kwa sababu waumini wake wameikariri na atakaponukuu Yohana 3:16 kwa maneno mengine ataona midomo ikisita. Anayetaka kusali Zaburi, kuimba, kusoma kwenye mazishi, au anayeipenda lugha yenyewe: Union, pamoja na bendera zake.

Wenye simu wanaweza kuzipata zote tatu bila kulipa, na hilo limebadilisha Jumatano zetu. Siku hizi anasoma mmoja, wengine wawili wanafuata kwenye matoleo mengine, na yeyote anayeona tofauti anainua mkono. Tunakwenda polepole sana. Mama wa miwani ndiye anayeinua mkono kuliko wote.

Kama bado unasita na umesimama dukani na kitabu mkononi, fungua Wimbo Ulio Bora 1:5. Union imeandika, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Kiebrania kina kiungo kifupi tu, *ve*, kinachoweza kuwa "na" au "lakini". Wafasiri wa kale wa Kigiriki waliandika "na": mweusi na mzuri. Jerome alipotafsiri kwa Kilatini akaandika *sed*, lakini, na Ulaya ikamfuata kwa karne nyingi, mpaka likatufikia sisi na likasomwa mbele ya mabinti zetu weusi. Angalia hicho kitabu ulichoshika kimeandika "na" au "lakini", kisha ndiyo utoe hela.